Forodha ya kidijitali: maswali ambayo waagizaji na wauzaji wa nje wa Nairobi huuliza kila mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa anayeagiza kontena moja kwa mwaka kutoka Guangzhou, kwa mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road, kwa mkulima wa parachichi anayetaka kuuza Uholanzi bila dalali, na kwa karani aliyeajiriwa juzi na kampuni ya kuklia mizigo, yaani kuitoa forodhani. Sheria inayotajwa zaidi ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Hapa tutaiita Sheria ya Forodha. Viwango vya ada ni vya baada ya mabadiliko ya Desemba 2024. Kwa kuwa Sheria ya Fedha huja kila mwaka na mengi yake huanza Julai 1, hakikisha kiwango cha siku ambayo tamko lako, yaani maelezo ya mzigo unayoyatoa kwa forodha, linaingia.

Nini hasa kimebadilika? Si makaratasi ni yaleyale, ila sasa yako kwenye kompyuta?

Makaratasi ni yaleyale, anayeyasoma kwanza ndiye mwingine. Kabla ya mfumo wa kompyuta wa forodha ulioitwa Simba kuingia mwaka 2005, faili lilikuwa likibebwa mkononi kutoka dirisha hadi dirisha, na afisa akiona uzito haulingani anakuita, mnasahihisha kwa kalamu, mnaendelea. Mwaka 2014 ukaja mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, shirika la serikali la kurahisisha biashara, ambao wengi bado wanauita TradeNet. Kisha iCMS, mfumo mpya wa forodha, ikachukua nafasi ya Simba, na tangu 2017 malori ya transiti, yanayopitisha mizigo kwenda nchi nyingine, yanafuatiliwa kwa sili za kielektroniki katika Kenya, Uganda na Rwanda.

Leo mashine huweka manifesti ya meli (orodha ya mizigo yote iliyobebwa), tamko lako, vibali na malipo sambamba, ikalinganisha sehemu moja baada ya nyingine kabla afisa yeyote hajafungua faili. Ikikuta BL, hati ya kampuni ya meli ya kupokea na kusafirisha mzigo, inasema katoni 412 na tamko linasema 421, haijui kwamba ni kidole kilichoteleza. Inaona mizigo miwili tofauti. Ndiyo maana kazi kubwa ya kuklia mzigo siku hizi hufanyika kabla meli haijapakiwa, wakati muuzaji bado anaweza kurekebisha invoisi kwa barua pepe moja. Ukisubiri hadi mzigo ufike Embakasi, kosa hilohilo linahitaji barua ya ajenti wa meli, ada ya marekebisho, idhini ya forodha, na siku ambazo kila moja inalipiwa.

iCMS, TradeNet na iTax zinatofautianaje?

iTax ni ya kodi za ndani, na PIN yako, namba ya mlipakodi, inatoka huko. TradeNet, chini ya KenTrade, ni ya vibali: KEBS (viwango), KEPHIS (afya ya mimea), Bodi ya Famasia na Sumu, afya ya bandari, idara ya mifugo na wengineo hupokea maombi yako hapo. iCMS ni ya KRA, mamlaka ya mapato, na ndimo tamko la forodha hutolewa, kodi huhesabiwa na mzigo huachiliwa.

Mifumo hii inazungumza, ila kwa kupitia namba. Inayobeba kila kitu ni UCR, namba ya pekee ya shehena. Kibali kilichoombwa kwa UCR moja hakiwezi kufunika tamko lenye UCR nyingine, hata kama bidhaa, muuzaji na kontena ni vilevile. Mtu anapolalamika kwamba kibali kimelipiwa na hakionekani iCMS, tunaanza kwa kutazama UCR, na mara nyingi hatuhitaji kutazama zaidi.

Naagiza kwa mara ya kwanza. Nianze wapi?

Anza na invoisi ya awali kutoka kwa muuzaji, kabla hujatuma hela. Isome kama vile wewe ndiye mashine: jina lako linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye PIN? Kila bidhaa ina maelezo yake, idadi, bei ya kimoja, na masharti ya usafirishaji kama FOB (bei ya mzigo hadi upakiwe melini) au CIF (pamoja na bima na nauli)? «Assorted goods» haitoshi. Andika «taa za LED za dari, wati 18, vipande 2,000».

Pili, mpe kazi ajenti wa forodha mwenye leseni ya KRA ya mwaka huu. Yeye ndiye atakayekuombea UCR na IDF, fomu ya kutangaza uagizaji, kwa kutumia invoisi hiyo. Kama bidhaa zako zinahitaji cheti cha ulinganifu cha KEBS, kinachoonyesha kwamba zinatimiza viwango, ukaguzi hufanyika nchi zinakotoka, na kampuni ya ukaguzi itataka namba hiyo ya UCR. Mpangilio huu ndio unaowashika wageni: wanapakia kwanza, halafu wanatafuta cheti. Kontena likishafungwa na kuondoka bandari ya Ningbo, China, hakuna mkaguzi anayeweza kulifungua baharini.

Tatu, bima. Sheria ya Bima ya Kenya inataka bima ya mizigo ya baharini inunuliwe kwa kampuni iliyosajiliwa nchini, na cheti chake siku hizi ni cha kidijitali. Kwa hiyo ukikubaliana na muuzaji bei ya CIF, huenda ukalipia bima mara mbili. Agiza kwa FOB au CFR (bei pamoja na nauli, bila bima), bima inunue hapa.

Nne, amua mzigo utaishia wapi na uhakikishe BL inasema hivyo. Tangu Septemba 2022 mwagizaji hawezi tena kulazimishwa kuleta mzigo Nairobi kwa SGR. Unaweza kuklia Mombasa au bandari kavu ya Embakasi. Lakini mahali pa kukabidhiwa pakishaandikwa kwenye BL na manifesti, kupabadilisha ni ombi la marekebisho.

Tano, tamko litolewe kabla meli haijafika. Sheria inaruhusu, mfumo unaruhusu, na Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa WTO (Shirika la Biashara Duniani), unaotumika tangu Februari 22, 2017, unazitaka nchi zipokee nyaraka mapema. Anayengoja meli ifunge gati ndipo aanze, anajinyang'anya wiki nzima.

Nitalipa kiasi gani?

Chukua bidhaa iliyokamilika yenye ushuru wa asilimia 25, isiyotozwa ushuru wa bidhaa (excise), na thamani ya forodha ni shilingi 1,000,000. Thamani hiyo ni bei ya mzigo pamoja na bima na nauli hadi bandarini.

Ushuru wa forodha ni 250,000. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 1,250,000, na inatoka 200,000. Ada ya IDF ni asilimia 2.5 ya thamani, 25,000. Ada ya maendeleo ya reli ni asilimia 2, 20,000. Jumla ni shilingi 495,000, kabla ya ajenti, bandari, meli na lori.

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi nne: 0, 10, 25, na tangu Julai 1, 2022, 35 kwa baadhi ya bidhaa, zikiwemo fanicha na nguo. Kila nchi pia hupewa ruhusa za muda za kutoza tofauti, zinazochapishwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya karibu na Julai. Usikadirie kwa kutazama alicholipa jirani mwaka jana.

Hela hulipwa kwa namba ya malipo ambayo mfumo huitoa tamko likikubaliwa. Shilingi 495,000 hazipiti kwa muamala mmoja wa M-Pesa, ambao kikomo chake ni 250,000, kwa hiyo panga na benki mapema. Lipa kiasi kamili kilichoandikwa. Malipo yaliyopungua hata shilingi moja yanaweza kukaa bila kuunganishwa na tamko.

Nambari ya HS huchaguliwa na nani? Muuzaji wangu ameshaiandika kwenye invoisi.

Mwenye jukumu ni wewe, kupitia ajenti wako. HS ni orodha ya kimataifa ya kuainisha bidhaa: tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, lakini Afrika Mashariki hutumia nane, na muuzaji wa China huandika za kwao. Zaidi ya hapo, toleo la 2022 la HS lilihamisha bidhaa nyingi. Paneli za sola zilizounganishwa zilikuwa ndani ya 8541.40, sasa ziko 8541.43. Simu janja zimepata nambari yake, 8517.13. Bado tunaona invoisi za sola zenye nambari ya zamani. Mfumo unazikataa, au karani mwenye haraka anachagua nambari jirani ambayo haina nafuu ya kodi, na mwagizaji analipa kodi isiyomhusu. Toleo lingine linaanza Januari 1, 2028, kwa hiyo mwenye mkataba mrefu wa ugavi ajiandae.

Kama bidhaa ina utata, kwa mfano mashine inayochapisha na kukata, au kirutubisho kilicho kati ya chakula na dawa, omba uamuzi wa awali wa KRA kwa maandishi kabla ya kuagiza. Ambatisha katalogi, picha, orodha ya viungo au michoro, na sampuli ikiwezekana. Jibu la maandishi lina uzito ambao maneno ya simu hayana.

Ajenti anasema kontena limefika Embakasi lakini mfumo haulioni. Inawezekanaje?

Inawezekana, na mara nyingi chanzo ni namba ya kontena au ya BL iliyoandikwa vibaya mahali fulani. Namba ya kontena unaweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu na karatasi, bila kumuuliza mtu.

Namba hiyo ina herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho, ile iliyochorwa ndani ya kisanduku kwenye mlango wa kontena. Hiyo ya mwisho ni ya kujikagua. Tuchukue CSQU 305438 yenye 3 mwishoni. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea hadi Z ambayo ni 38, ukiruka 11, 22 na 33. Hivyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, ukiongeza mara mbili kila hatua hadi ya kumi, inayozidishwa kwa 512. Jumla yake ni 6,185. Gawa kwa 11, salio ni 3. Inalingana na ile ya kisanduku, basi namba ni sahihi. Salio likiwa 10, huandikwa 0.

Sasa karani akigeuza 54 kuwa 45, akaandika CSQU 304538, jumla inakuwa 6,249 na salio ni 1. Hailingani. Hesabu hiyo ya dakika tano inakwambia kosa liko kwenye karatasi, wala kontena halijapotea njiani.

Namba ya BL haina kinga ya namna hiyo, kwa hiyo linganisha herufi kwa herufi, hasa O na 0, I na 1. Angalia pia kama umepewa BL ya kampuni ya meli au ile ndogo ya anayekusanya mizigo ya watu wengi. Kama mzigo wako uko ndani ya kontena la wengi, jina lako halitaonekana hadi mkusanyaji atakapogawanya manifesti, na hilo ni jukumu lake. Mpigie huyo, usimlaumu afisa wa Embakasi.

Kwa nini mzigo wangu huangukia njia nyekundu kila mara, na wa mwenzangu hupita kijani?

Mfumo hupima hatari kwa kuchanganya mambo mengi: historia ya PIN yako, ya ajenti, ya muuzaji, nchi, aina ya bidhaa, bei kwa kilo au kwa kipande, na mara nyingine bahati nasibu, maana lazima wachache wakaguliwe hata kama hawana doa. Kijani mzigo unaachiliwa. Manjano nyaraka zinasomwa. Nyekundu mzigo unafunguliwa au kupitishwa skana. Buluu unaachiliwa sasa na vitabu vyako kukaguliwa baadaye.

Kuna jambo watu hawalifikirii: alama za ajenti wako zinakuhusu. Ajenti anayerekebisha matamko yake kila wiki anaonekana kwenye mfumo kama anayekosea au anayejaribu. Ukimchagua kwa sababu ni wa bei ya chini kuliko wote, utaifidia tofauti hiyo kwa ada za uhifadhi.

Maelezo mapana pia hukupeleka nyekundu. Tamko linalosema «vipuri vya magari, vifurushi 300» linamlazimu afisa afungue. Linalotaja breki pedi, chujio za mafuta na bearing kila moja kwa idadi na bei yake linampa sababu ya kutofungua.

Kwa kampuni zenye mizigo mingi na vitabu safi, kuna hadhi ya mfanyabiashara aliyeidhinishwa, AEO, yenye ukaguzi mdogo na uachiliaji wa haraka. Huombwa KRA, na wao hukagua hesabu, ulinzi wa ghala na rekodi yako ya kodi. Kwa anayeagiza mara mbili kwa mwaka, haina haja.

Skana inaona nini?

Inaona msongamano wa vitu. Chuma huonekana kizito, nguo na plastiki hafifu, na picha hiyo hulinganishwa na ulichotangaza. Programu za kuchambua picha husaidia kuonyesha sehemu isiyofanana na nyingine, kisha mtu huamua. Kinacholeta taabu bila hatia ni upakiaji: kontena lililotangazwa vigae tupu, halafu muuzaji akatupia katoni mbili za sampuli za mabomba kama zawadi. Kwenye picha zinaonekana kama kitu kilichofichwa. Mwambie muuzaji asiongeze chochote kisicho kwenye orodha ya upakiaji, hata zawadi.

KRA wamepandisha thamani ya mzigo wangu juu ya niliyolipa. Nifanye nini?

Usilipe ukinung'unika halafu ukanyamaza, na usikimbilie kumtafuta mtu wa kukusaidia pembeni. Njia ya sheria ipo na ina tarehe.

Hifadhidata ya bei humwambia afisa kwamba bidhaa kama yako kwa kawaida huja kwa bei ya juu zaidi. Hiyo ni sababu ya kukuuliza. Yenyewe si thamani. Chini ya Mkataba wa Uthaminishaji wa WTO na Jedwali la Nne la Sheria ya Forodha, kuna mbinu sita zinazofuatwa kwa mpangilio, na ya kwanza ni bei uliyolipa au utakayolipa kweli. Wakiikataa, una haki ya kuomba maelezo ya maandishi ya jinsi thamani mpya ilivyopatikana. Omba.

Ushahidi unaobeba uzito ni risiti ya benki ya kutuma hela kwa muuzaji yuleyule, kiasi kilekile, kabla ya tarehe ya kupakia. Kisha mkataba au oda, mawasiliano ya kujadiliana bei, orodha ya bei ya muuzaji, na matamko yako ya nyuma yaliyokubaliwa. Ukilipa nusu kwa benki na nusu kwa mkono wa mtu aliyesafiri, umejinyima ushahidi wa ile nusu, na hapo ndipo waagizaji wengi wa Kamukunji na Luthuli wanapokwama.

Kifungu cha 229 cha Sheria ya Forodha kinakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba mapitio kwa Kamishna, kwa maandishi, ukitaja sababu. Yeye ana siku 30 za kujibu. Asipojibu ndani ya muda huo, sheria inachukulia kwamba ombi lako limekubaliwa. Ukikataliwa, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kwenda baraza la rufaa za kodi (Tax Appeals Tribunal). Wakati mabishano yakiendelea, mzigo unaweza kuachiliwa kwa dhamana ya tofauti ya kodi. Iombe mapema, kwa sababu kinachomshinda mwagizaji kwa kawaida ni gharama za kuhifadhi mzigo huku akibishana.

Mfumo umelala na siku zinahesabiwa. Nani analipa?

Usipokuwa na ushahidi, utalipa wewe. Piga picha ya skrini inayoonyesha kosa, tarehe na saa. Fungua tiketi kwa dawati la msaada na uhifadhi namba yake. Tuma barua pepe siku hiyohiyo kwa bandari na kwa kampuni ya meli, ueleze kwamba umezuiwa na mfumo. Ombi la kupunguziwa ada lililoandikwa siku ya tatizo, lenye namba ya tiketi, husikilizwa kuliko lile linaloandikwa wiki tatu baadaye.

Kabla ya yote, hakikisha ni mfumo kweli. Mara kadhaa kinachoitwa mfumo kulala ni leseni ya ajenti iliyoisha, faili kubwa kupita kiasi kinachoruhusiwa, au nenosiri lililofungwa.

Nikichelewa, mzigo utapigwa mnada lini?

Kuna saa tatu zinazokimbia pamoja, kila moja na mwenyewe. Bandari au bandari kavu hutoza uhifadhi siku za bure zikiisha. Kampuni ya meli hutoza demareji kwa kontena lake, kwa dola, na kuendelea kulihesabia hadi ulirudishe tupu. Forodha nayo ina saa yake: mzigo ambao haujatolewa tamko ndani ya siku 21 huhamishiwa kwenye ghala la forodha, kisha chini ya kifungu cha 42 hutangazwa, na usipoondolewa ndani ya siku 30 za tangazo huhesabiwa umetelekezwa na kuuzwa. Kulipa saa moja hakusimamishi nyingine. Yupo anayemaliza kodi zote Ijumaa jioni akafurahi, kumbe demareji ya wiki mbili bado inamngoja Jumatatu.

Sili ya kielektroniki kwenye lori hufanya nini?

Hufungwa kwenye mlango wa kontena la transiti au lililo chini ya udhibiti wa forodha, ikaunganishwa na namba ya tamko, lori na njia iliyoidhinishwa. Hutuma mahali lilipo kwa satelaiti na mtandao wa simu. Lori likitoka njiani, likisimama pasipostahili muda mrefu, au sili ikiguswa, king'ora hulia kwenye kituo cha ufuatiliaji na kikosi cha karibu hutumwa.

Mwambie dereva mambo mawili. Lori likiharibika, apige simu kabla hawajamfuata, ataje namba ya sili na mahali alipo. Na asikubali kuhamisha mzigo kwenye lori jingine barabarani bila forodha kuwepo, hata kama fundi ameapa kwamba injini imekufa.

Nauza maua, parachichi au kahawa nje. Haya yote yananihusu?

Sana, kwa sababu huko Ulaya nako wameweka mashine mbele ya afisa. Mfumo wao wa ICS2, uliofikia mizigo yote ya ndege Machi 2023, unataka taarifa kabla ndege haijapakiwa: nani anatuma, nani anapokea, na nambari ya HS ya tarakimu sita. Waridi ni 0603.11, parachichi ni 0804.40. Maelezo kama «fresh produce» yanaweza kukataliwa. Boksi la waridi lililobaki JKIA usiku mmoja nje ya chumba baridi kwa sababu ya neno moja limepoteza siku za maisha ya vase, na mnunuzi wa Aalsmeer, soko la maua la Uholanzi, hatalipa bei ileile.

Cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS huombwa kwa mfumo, mkaguzi hukagua mzigo, na data ya cheti inaweza kupelekwa kielektroniki kwa nchi zinazoipokea. Linganisha idadi ya maboksi, uzito na aina na invoisi kabla mkaguzi hajathibitisha. Tamko la ziada kuhusu wadudu liandikwe kwa maneno yaleyale ambayo nchi inayopokea imeyaweka. Ukilifupisha, ukilipanga upya au ukilitafsiri kivyako, cheti kinakataliwa huku mzigo wenyewe ukiwa safi.

Mkataba wa kiuchumi wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza Julai 1, 2024, na nafuu yake inategemea uthibitisho wa asili ya bidhaa. Usipoambatisha, mnunuzi wako huenda akatozwa ushuru kama wa mtu asiye na mkataba.

Kwa kahawa kuna la ziada. Sheria ya Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu inataka mahali pa kila shamba: nukta ya latitudo na longitudo yenye tarakimu sita baada ya desimali, na mpaka mzima wa shamba likizidi hekta 4. Tarehe za kuanza zimesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanadai data sasa. Chama cha ushirika chenye wakulima 1,500 hakiwezi kuikusanya kwa wiki moja. Ianzeni sasa, kwa simu yenye GPS, mkisimama shambani penyewe. Nukta iliyochukuliwa ukiwa ofisini kiwandani inaweka mashamba yote mahali pamoja, na mnunuzi ataliona mara moja.

BL ya karatasi bado inahitajika? Na zile blockchain zilizosemwa?

Kwa mizigo mingi, BL ya asili ya karatasi bado ndiyo inayoruhusu kampuni ya meli kukukabidhi mzigo, isipokuwa muuzaji ameomba BL iachiliwe kwa telex, yaani kwa ujumbe badala ya karatasi, au ametumia waybill, hati isiyohitaji karatasi ya asili. Karatasi ikichelewa kwa kuria huku meli imefika, utalipa uhifadhi ukingoja bahasha. Kama unamwamini muuzaji na umemlipa, mwombe aiachilie kielektroniki.

TradeLens, jukwaa la Maersk na IBM lililotegemewa kuhamisha nyaraka hizi kwenye blockchain, daftari la kidijitali linalotunzwa na wengi kwa pamoja, lilifungwa mwaka 2023 kwa kukosa ushirikiano wa kutosha wa sekta nzima. Programu yenyewe ilifanya kazi, ila washindani hawakutaka kuweka data zao kwenye nyumba ya mwenzao. Kilichosonga ni sheria: Uingereza ilizitambua hati za biashara za kielektroniki Septemba 2023, na kampuni kubwa za meli zimeahidi BL za kielektroniki kwa asilimia 100 ifikapo 2030.

Nabeba bidhaa ndogo kupitia Busia au Namanga. Nahitaji haya yote?

Hapana. Mzigo wa asili ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Ushuru wa forodha hautozwi, ila vibali vya afya ya mimea na mifugo vinabaki, na kodi nyingine zinaweza kutozwa. Pitia kituo cha mpaka, chukua cheti, kihifadhi. Njia ya panya inakuacha bila karatasi hata moja ya kujitetea mzigo ukikamatwa.

Nimempa ajenti nenosiri langu la iTax ili anisaidie. Kuna ubaya?

Upo. Badilisha leo. Ajenti anatumia akaunti yake mwenyewe kwenye iCMS na anakutaja kama mwagizaji kwa PIN. Hahitaji nenosiri lako. PIN iliyo mikononi mwa watu inaweza kutumika kuingiza mzigo wa mtu mwingine, na deni likija linakuja kwa jina lako. Mwombe ajenti nakala za matamko yote yaliyotolewa kwa PIN yako kila robo mwaka, na ukiona usilolijua, liripoti KRA kwa maandishi.

Mzigo umeshatoka na nimeuza. Nyaraka nizitupe?

Zihifadhi miaka 5. Forodha inaweza kuja kukagua vitabu ndani ya muda huo na kudai kodi iliyopungua. Kwa upande wako, ukigundua umelipa zaidi, una miezi 12 tu kudai urejeshewe. Weka folda moja kwa kila UCR: invoisi, orodha ya upakiaji, BL, cheti cha ulinganifu, cheti cha bima, tamko, risiti ya malipo, risiti ya benki ya kumlipa muuzaji, na hati ya kurudisha kontena tupu. Weka nakala ya pili nje ya kompyuta ya ofisi, na usitegemee nakala za ajenti. Kampuni za uajenti hufungwa, na leseni yao ikiisha wewe ndiye utakayeulizwa.